Lita Kumi na Moja

Nilifika Mwakirunge saa tatu na daftari,
fimbo ya kupimia, kalamu mbili za ofisi.
Mama Nyevu akanipokea kwa maneno mafupi:
"Viatu vua. Sigara zima."

Ndani ya banda, mtungi wa shaba umekaa
kama mjamzito asiyetaka kuamkiwa,
tembo la alfajiri likiguna tumboni.
Ubavuni una kiraka.
Nilikitazama.
"Hicho baadaye," akasema.

Bintiye Sidi amechuchumaa penye bomba,
kidole chini ya tone.
La kwanza anamwaga. "Kichwa. Hiki hupofusha."
Ananusa. Ananyamaza. Ananusa,
kisha, bila kengele wala saa,
anabadilisha ndoo:
"Moyo."
Nikaangalia kipimajoto.
Kilikubaliana naye, kwa kuchelewa kidogo.

Nyuma, gizani, mapipa manne.
La tatu lilijazwa mwaka juzi, lita mia,
muhuri wetu juu yake.
Nikatumbukiza fimbo: themanini na tisa.
Nikaipangusa kwa leso yangu, nikarudia.
Themanini na tisa.

"Kumi na moja ziko wapi, mama?"

"Nyingine jua. Nyingine mbao,
mbao nazo zina kiu.
Zilizobaki, njoo nje ukaulize."

Nje, mti mfupi umesimikwa ardhini,
umefungwa vitambaa, chekundu, cheupe, cheusi,
na mbele yake kifuu, kikavu kabisa.
"Baba mkwe. Yeye ndiye aliyewasha moto wa kwanza,
kule vichakani, usiku.
Enzi hizo mlikuja na marungu, si na fimbo ya kupimia.
Kile kiraka ni pale askari alipotoboa.
Alikiziba mwenyewe, akaanza upya Jumatatu.
Sasa tuna leseni ukutani, ndani ya kioo,
na yeye anywe nini? Kioo?"

Sikujibu. Fomu ina safu moja,
*Sababu ya upungufu*,
na nafasi ya neno moja, labda mawili.
Nikaandika: mvuke.
Sidi alisoma begani kwangu,
akacheka kwa pua.

Walinipa kikombe; nikasema niko kazini.
Basi nikanusa tu kizibo:
dafu, moshi, bati lililonyeshewa.

Usiku, Kongowea, mke wangu akafua.
Akaitoa leso kwenye beseni, akainusa,
akanitazama muda mrefu.
"Ya kazi," nikamwambia.