Ndoo

Kisutu cha Mwanaate nimekiazima kwa shangazi.
Kina doa la mchuzi karibu na pindo,
lakini kuanzia safu ya tatu halitaonekana.

Uani mwa Ngome wamepanga viti vya plastiki
pale walipokuwa wakihesabiwa wafungwa.
Ridhiya, mwalimu wa hisabati, ndiye hakimu:
ndevu za pamba, gundi inamwasha,
anajikuna kwa kalamu kabla ya kuhukumu.
Saumu ni karani. Mimi ndiye muuaji.

Maneno tumepewa kama yalivyo jaladani,
mwaka elfu moja mia tisa na kumi na tatu:
*Mshtakiwa, mke wa Lali, mkaazi wa Langoni,
anakiri kuwa usiku ule marehemu, mwenye homa,
alisimama ukingoni mwa kisima.
Anakiri aliinua mkono.
Alitaja ndoo mara mbili.*

Basi ndoo ikatafutwa.
Ikaletwa, ikafungwa kitambulisho shingoni,
ikakaa mezani mbele ya Mzungu
ikiwa na kutu yake, bila damu yoyote.

Ya kwetu Sauda kainunua sokoni, ya bati,
akalia bei mpaka muuzaji akachoka.
"Ipandishe juu," ananiambia, "walio nyuma waione."
Wiki tatu naipandisha. Bega limekuwa si langu.

Jana mwanangu kapanda ukuta wa dari
akimfuata paka, mguu mmoja tayari nje.
Sikupiga kelele. Nalinyosha mkono
nikasema taratibu, asishtuke:
Ndoo, baba. Ndoo.

Akaya.

Alipokwisha kushuka, mkono wangu
ulikuwa bado hewani.

Karani yule alitoka kusini, kijana,
mwandiko wake mzuri kama wa chuoni.
Kwao mtu huitwa *njoo*.
Nani angemwambia? Mwanaate hakujua kusoma
kile alichotilia dole gumba.
Miaka saba, chumba cha pili kushoto,
ambamo sasa sisi twabadilisha nguo
na kuzozana juu ya kioo.

Leo sikumwambia mtu.
Ndoo nimeiacha nyuma ya pazia.
Nimetoka mikono mitupu, Sauda pembeni
ananionyesha kwa macho: *iko wapi, iko wapi?*
Nikamtazama Lali ambaye hayupo,
nikanyosha mkono pale kisima kilipochorwa kwa chaki.

Ndoo, nikasema. Ndoo.

Kimya. Kisha huko nyuma, mama mmoja: "Hee!"
Na mwingine, kwa sauti ya mtu aliyeumwa na siafu:
"Alikuwa akimwita! Jamani, alikuwa akimwita!"
Viti vikaanza kulia.

Saumu kainua kalamu, haijashuka.
Ridhiya ananitazama, pamba imebanduka shavu moja,
na karatasi yake haina neno jingine.
Akasoma lililoandikwa:
miaka saba.

Kisutu nitakirudisha kesho.
Shangazi ataliangalia doa kwanza.