Hamsini na Sita kwa Nne

Raga ya watu kumi na watatu.
Sisi tunao kumi na mmoja,
kocha Mumbere akiwemo, na goti lake bovu.

Uwanja wa Majengo bado unaota mawe ya volkano.
Juzi tumeokota chukudu nne;
leo mengine yamechomoza
kama meno ya mtoto.

Jezi kazishona mama Nsimire kwa pazia la kijani.
Saba zipo mbili. Nane haipo,
ilihamia Kampala na mwenyewe.

Tumefungwa hamsini na sita kwa nne.
Hiyo nne niliiona mimi!
Kasereka alianguka na mpira ng'ambo ya mstari wa majivu,
akainuka, kiwiko damu tupu, anacheka.

Mwaka jana hatukuwa hata na mstari.

Jumapili nitakuja na ndoo.