Kibati Namba 1186

Wageni wakija Jumapili huuliza habari za upepo.
Unavuma vipi kule? Dohani inayumba?
Inayumba, nawaambia,
kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo,
polepole, kwa heshima zake.
Mama hujifanya anatafuta sukari.

Hakuna anayeuliza habari za gari la Erwin,
anavyoshika usukani kwa goti huku akimenya yai,
alfajiri, barabara imeganda,
malori ya makaa yakitumulika usoni.
Hapo ndipo ninapomaliza sala zangu zote.
Lakini barabara kila mtu anaijua,
na kinachojulikana hakitishi.
Kinaua tu, basi.

Dohani ya umeme ina vidato mia saba arobaini na vitatu.
Nilivihesabu mwaka wa kwanza,
mwaka nilipokuwa mwoga, na woga ulikuwa na macho:
uliona kila nati, kila ufa wa saruji,
kinyesi kibichi cha kipanga kwenye kidato cha mia tano.
Kulabu ya kushoto, kulabu ya kulia,
hii isifunguke kabla ile haijauma chuma.
Miguu ilitetemeka, mikono ikawa na adabu.

Mwaka wa sita nilipanda kubadilisha taa nyekundu,
ile inayowaonya marubani.
Nikakaa ukingoni, nikafungua mkate na soseji,
Silesia yote chini yangu kama shuka lisilopigwa pasi.
Nikainama kutafuta chumvi
nikaona kulabu zangu, zote mbili,
zinaning'inia hewani.

Sikuwa nimeogopa hata chembe.
Ndicho kinachoniamsha usiku, si kingine:
kwamba nilikuwa na furaha,
kwamba nilikuwa napiga mluzi.

Nikafunga. Kla. Kla.
Nikaumaliza mkate, maana mikono ilitaka kazi.
Erwin sikumwambia.

Baba yangu, Alojz, alishuka miaka thelathini na mmoja
mita mia nane chini ya makanisa yetu
na simkumbuki mtu aliyemwita kichaa.
Mtaa mzima ulikuwa unashuka.
Siku mgodi ulipowameza wanne
wanawake walipika supu, wakafua mapazia,
na zamu ya jioni ikaingia kwenye lifti saa ile ile.
Mimi nikipanda mita mia mbili na kitu
padri ananitaja pamoja na wagonjwa.

"Hukuogopa kuanguka, hata siku moja?"
Akacheka mpaka kifua kikalia kama birika,
lile vumbi halijapata kumtoka.
"Ningeangukia wapi, Otylia? Nilishafika."

Dohani haiangalii. Kiti chake amekielekeza ukutani.
Aliye juu mngoje chini, basi yeye hungoja,
dirisha amelipa mgongo,
hadi asikie lango.

Kibati chake cha shaba alinipa mimi.
Mgodini, kibati kikiwa msumarini, mtu yuko juu, mzima;
msumari ukiwa mtupu, mke haanzi kukaanga viazi.
Kwangu mambo yamepinduka:
nakitundika kidato cha kwanza ninapopanda,
nikishuka nakichukua, nampelekea kiganjani.
Huuliza neno moja tu, bila kugeuka.
"Ulifunga?"
"Nilifunga."

Siku ile pia nilijibu hivyo.
Kibati kilikuwa baridi. Alikaa nacho, akakigeuza,
akapitisha kidole gumba kwenye ile sita iliyofifia.
Mama alikuwa jikoni, mafuta yanachachatika.
"Nami," akasema kwa sauti ya chini,
"nilikuwa nikimjibu mama yako hivyo hivyo."

Kesho yake nikaanza tena kuhesabu vidato.
Nilifika mia mbili na sita.
Kipanga akapita, na hesabu ikanipotea.