Maelekezo kwa Joris, Kabla Hajapanda

Maji kwanza. Jaza chupa zote mbili hapa kwangu.
Ile ya juu simu yako inaiita chemchemi,
ng'ombe wa Hayri wanaiita choo.

Haya. Ukitoka langoni shika kushoto.
Lami itakusindikiza hadi ghala la tumbaku,
kisha itakukimbia bila kuaga, kama mkwe aliyechoka.
Hapo changarawe inaanza.
Punguza upepo kidogo. Tairi gumu juu ya kokoto
ni ulimi wa mlevi, halitulii mahali.

Mpando ni mrefu ila si mkali. Usiufanyie pupa.
Una kona kumi na moja;
nilizihesabu nikiwa na mimba ya Sevda,
nikazihesabu tena na gunia la viazi mgongoni,
zikazidi.
Kwenye ya saba mbwa wa wachungaji watakujia.
Shuka, baiskeli iwe kati yako na meno yao,
uite "Karabash!" hata kama silo jina lake.
Kila mbwa huku ana jamaa anayeitwa hivyo,
ataona haya.

Bondeni usipite. Ndiyo, nauona mstari wako wa bluu.
Aliyeuchora hakuwapo Mei ile
mto ulipolibeba daraja, na punda juu yake.
Punda alirudi.

Kisha misonobari. Saa nzima ya misonobari.
Hutasikia ila tairi zako, krrr, krrr,
mtu anasaga chumvi chumba cha pili.

Ukitokeza juu, njia itanyooka ghafla,
pana, safi, mawe yake yamepangika,
nawe utafurahi. Wote hufurahi.
Jioni hunimalizia supu wakiniambia:
Refie, ile ya mgongoni mwa mlima ndiyo tamu!
Tamu. Sawa.
Askari ndio walioichonga, hujazaliwa,
ili gari lao lipite kando ya waya.
Na mkono wako wa kulia, penye nyasi sasa,
palikuwa na ukanda wa udongo mtupu,
ukipigwa reki kila magharibi
kama bustani isiyopandwa kitu,
ili asubuhi wausome: nani kapita.

Kaka yangu Mustan alilipwa kuipiga hiyo reki.
Kwenye daftari lao aliitwa jina jingine, walilompa wao;
mshahara alipokea kwa jina lile,
nyumbani akala kwa jina la mama.
Paa kapita, alikuwa akinisimulia, sungura kapita,
mbweha kapita akarudi, kasahau nini sijui.
Yeye kazi yake kufuta.

Usiku mmoja wa Novemba hakufuta.
Hatua ishirini na mbili, walisema, kuelekea kusini,
za mtu asiyekimbia.
Reki waliikuta imeegemezwa kwenye mti,
meno yameelekea shina,
asije mtu akaumia.
Hapo ndipo nilipoamini ni yeye.

Walituhoji siku tatu. Baba walimhoji zaidi.
Barua haikuja, wala maiti.
Waya ulipong'olewa watu walikwenda kuchukua nguzo;
hizo za banda langu la kuku ni zake.

Utavuka bila kujua. Simu italia mfukoni
ikukaribishe kwa lugha nyingine, basi.
Mwaka jana Sevda alisema twende kwa gari, mama,
nikavaa hadi viatu,
nikakumbuka jibini liko motoni.

Kaza breki zako. Ya nyuma inapiga kelele,
niliisikia jana ulipoingia.
Mteremko wa upande ule siujui.
Kama ni mkali, kama una maji, kama wana mbwa,
huko itabidi umuulize mwingine.

Mayai ni matatu, yako kwenye kitambaa.
Moja si lako.
Ukikosa wa kumpa, lile.