Kata ya Wanzuki

Ni mimi niliyemchotea.
Nitangulize hilo, mengine yafuate.

Ipole, mizinga imeshushwa porini,
mapipa yangu mawili yanafoka povu,
na Milembe, mkamwana wangu, mimba ya miezi mitano,
yuko kigodani anapepeta uwele.
"Kunywa, mwanangu. Wanzuki ni asali tu,
huongeza damu."
Ndivyo nilivyoambiwa na aliyenichotea mimi.
Akanywa. Jumamosi, na siku ya mnada,
na siku ya jua kali, na ya mvua pia.

Mhoja akazaliwa mdogo kama kibuyu cha mbegu.
Atanenepa, tukasema.
Akinyonya anachoka. Akilala anashtuka.
Miaka saba, ukimtuma chumvi
anarudi na jongoo kiganjani, anacheka,
chumvi imebaki huko huko njiani, ndani ya kichwa chake.
Mwalimu akachapa. Kesho akachapa tena,
kosa lilelile, machozi yaleyale.
Majirani: karogwa.
Wengine: mjukuu wa muuza pombe, mlitaka nini?

Hospitali ya mkoa, daktari akatoa futi,
ile ya fundi cherehani, akaizungusha kichwani.
Akautazama mdomo wa juu, mwembamba kama uzi,
na pale chini ya pua, kwenye kijifereji cha kila mtu,
kwa Mhoja pako sawa kama sakafu iliyopigwa udongo.
Akauliza, uso haukukunjwa:
"Mama, ulipokuwa na mimba yake, ulikunywa pombe?"
Milembe akatazama vidole vyake vya miguu.
Nikasema: ni mimi niliyemchotea.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.
Alisema anachokunywa mama, mtoto naye hunywa,
na ubongo ungali unafumwa,
ukileweshwa, hufumwa na mapengo.
Iwe ya asali, iwe ya mahindi, iwe kata moja,
hakujua kipimo kilicho salama.
Dawa ya kuziba mapengo hakuna. Kuna namna ya kuishi naye.

Basi tunaishi naye.
Neno moja kwa wakati: Simama.
Akisimama: Chukua ndoo.
Akichukua: Twende. Kisima kilekile, njia ileile.
Milembe kachora ukutani kwa mkaa
jua, uji, daftari, mkeka;
Mhoja hugusa kila picha kwa kidole, ndipo siku ianze.
Mwalimu alikuja, akasimama mbele ya ukuta ule
muda mrefu, hakusema kitu.
Jumatatu dawati la Mhoja lilikuwa mbele, mbali na dirisha.
Siku nyingine yote haya hayafui dafu:
anajitupa chini, anajiuma mkono,
nasi tunakaa kando yake mpaka ipite.

Bado napika. Msinidhanie mtakatifu, unga hautoki mawinguni.
Lakini mjamzito akiingia kwangu,
au binti anayenong'ona siku zake zimechelewa,
au yule aliyekwisha kunywa jana na juzi,
naifudikiza kata.
Namkorogea asali mbichi kwa maji ya kisima,
asali tu, safari hii kweli.
Akinuna, anune.
Namwita Mhoja: Leta kikombe.
Huja. Siku nyingine, na kikombe.