Silinda ya Nne

Saa kumi na mbili asubuhi, Kavumu. Ukungu umekaa
juu ya njia ya ndege kama mgeni asiyeaga.
Fundi Murhula amekwisha kufungua kofia ya injini:
silinda sita, tatu kulia, tatu kushoto,
mapezi yake yamejaa vumbi la Shabunda
na mabawa ya wadudu ambao hawakujua kilichowapata.

"Namwezi," ananiambia, "leta tochi, kioo na subira.
Subira uilete kwanza."

Tunasukuma hewa ndani, themanini kwenye geji ya kwanza.
Geji ya pili hutuambia kilichobaki.
Silinda ya kwanza, sabini na nne. Ya pili, sabini na mbili.
Ya tatu, sabini na tano, bado kijana.
Ya nne, hamsini na moja.

Murhula hasemi. Anatega sikio kwenye bomba la moshi,
kisha kwenye mdomo wa mafuta, kisha anajikuna kidevu.
Hewa inavuja, lakini haitaki kutaja mlango wake.

Tunasugua kwa petroli hadi chuma kiwe uchi.
Tunapaka rangi nyekundu, tunangoja dakika ishirini.
Rangi haina haraka, inatafuta pa kujificha,
na ikipaona inaingia.
Tunafuta kwa kitambaa. Wekundu wote unaondoka,
ungeapa hapakuwa na kitu.
Halafu poda nyeupe, nyepesi,
kama unga wa muhogo kwenye nyusi za wasagaji wa Kadutu.
Tunangoja tena.

Na pale, kati ya tundu la plagi na vali ya moshi,
mstari.
Mfupi kuliko punje ya mchele.
Unajichora wenyewe, nasi tunautazama.

Bwana Bashizi, mwenye ndege, anainama na miwani yake.
"Huo ni mkwaruzo. Nina kilo mia mbili za chumvi,
nina mwalimu aliyengoja siku tatu,
nina mama na mapacha. Mkwaruzo, Murhula!"

"Mkwaruzo hautoki damu mara mbili."

Basi tunafuta. Tunaanza upya, petroli, rangi, saa ya ukutani.
Mvua inapiga mabati. Mwalimu amekalia sanduku lake,
anasahihisha daftari za watoto ambao hawajui yuko wapi.
Bashizi anatembea, hatua kumi hadi mlangoni, kumi kurudi.
Mimi nauwaza msitu: ukishavuka Kahuzi
hakuna hata kiwanja cha mpira cha kutua,
ni miti tu, bega kwa bega.
Huko juu injini haikupigii kelele.
Inakohoa mara moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Walikuwa na udongo, wahenga, na msimu mzima wa kukandika.
Huu haukandikwi.

Poda. Mstari uleule,
mahali palepale,
na safari hii una mkia.

Bashizi haulizi tena. Anatoka mvuani kuwaambia watu,
na kutoka ndani ya hangari namsikia mama wa mapacha
akitutukana, mimi na Murhula,
ukoo wetu hadi babu wa tatu, kwa Kilega safi.
Murhula anafuta spana yake. "Sikiliza sauti hiyo," anasema.
"Ana mapafu mazuri."

Kisha ananisukumia daftari la injini, na kalamu.
Kurasa zina alama za vidole vya mafuta,
vya watu ninaowajua na vya wengine ambao sitawajua.
Naandika: silinda ya nne, ufa, itolewe.
Kwa mara ya kwanza jina langu linakaa pale peke yake.
Mkono unatetemeka kwenye W.

Jioni, nyumbani, mama ananimiminia maji ya kunawa.
Ninasugua, ninasugua. Kucha zimebaki nyekundu.
"Umejikata wapi?"
"Si yangu, mama."
"Basi ni ya nani?"

Natafuta jibu.
Sombe inapoa.