Doa la Chai

Shuka lile lilikuwa langu, la kitandani.
Tulilipigilia misumari juu ya ubao,
Kidato cha Pili, Nambale, Alhamisi adhuhuri,
madirisha tumeyaziba kwa magunia ya mahindi,
projekta ya parokia ikinguruma kama kinu cha posho.

Filamu ilitoka makumbusho ya ng'ambo.
Mwanamke asiyeonekana, sauti ya taratibu,
alitutembeza kumbi zisizojua vumbi
hadi mbele ya mraba mweupe
ndani ya turubai jeupe.
"Hapa," akasema, "msanii ameondoa kila kitu."
Wabwire, kutoka nyuma: "Hata kazi yenyewe!"
Wakacheka. Nami nikacheka, nikasahau kwamba nafundisha.

Mtihani ukaja. Swali la nne:
chora picha uliyoiona, ueleze inasema nini.
Karatasi thelathini na nane,
na katika kila mraba, chini, kushoto,
doa la kahawia lenye umbo la sikio.

Chai yangu. Niliimwaga usiku ule
simu ilipolia kutoka wodi ya Alupe
na sikuipokea upesi.

Mwongozo wa kusahihisha wasema:
weupe mtupu, alama tano.
Nafula Okwaro kaandika: "Aliondoa kila kitu,
lakini kuna mtu alikuwa ameketi hapa."

Kalamu nyekundu imekauka ncha.
Shuka nimelifua mara mbili tangu juzi.
Karatasi zingali mezani;
kikombe nimekiweka mbali nazo.